Moto wa Juu wa Bi Mwatum

Risala ya Wapishi wa Saa Kumi, Miembeni, kwa Bi Khamisa binti Matar, Mkaguzi wa Madarasa ya Kinamama. Msomaji: Mwanakheri binti Simai, katibu. Alkhamisi, Julai 1956.

Mgeni rasmi, Bi Khamisa binti Matar, shikamoo. Wazee wetu wa mtaa, shikamooni. Majirani mliokuja kwa ajili ya risala, na nyinyi mliokuja kwa ajili ya harufu, nyote asalaam alaykum.

KARIBU

Sisi Wapishi wa Saa Kumi tunakupokea kwa mikono miwili, japo mmoja una unga. Tumeambiwa risala isiwe ndefu maana chai inapoa. Tumejitahidi. Ikirefuka, wewe kunywa tu na utafune. Sisi tukisoma na mgeni anakula, hatuoni kudharauliwa, tunaona tumefaulu. Mbele yako pana skonsi za zabibu, vile vimkate vya chai vya Kizungu, pana mkate wa chai wa tende uliokatwa vipande vyembamba, pana siagi, na pana jamu ya mapera aliyoipika Kidawa, mtunza vyombo wetu. Jamu hiyo haina makosa. Skonsi za Kidawa tutazitaja huko mbele.

Tunajua umekuja kuitazama stovu. Barua ya idara ilisema hivyo. Stovu ile pale pembeni, imetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa gilasi ya asumini. Utaitazama, Inshallah. Lakini kabla hujainuka, tunaomba utusikilize habari za mtu mmoja, kwa sababu ombi letu ni moja nalo ni lake. Bi Mwatum binti Machano alikuwa mwalimu wetu. Tunataka arudi.

TULIKOTOKA

Bi Mwatum ni mtu wa Bwejuu. Alikuja mjini miaka ya vita na talaka yake, kikapu, na mkeka uliokunjwa, akapata kazi Shangani ya kulea mtoto wa Kizungu. Kila siku ikifika saa kumi, akimwona mpishi wa nyumba ile akitoa skonsi, akizipanga, akizifunika kitambaa. Bi Mwatum akitazama. Kushika hakuruhusiwa, kutazama hakuna aliyekukataza.

Siku moja mpishi akaamka na homa. Wageni sita wako njiani, na stovu ya nyumba imeziba masizi. Bibi wa nyumba akatoka uani anakaribia kulia.

"Mwatum, unaweza?"

"Naweza," akajibu, na moyoni hajui aanzie wapi.

Akachekecha unga. Akatia poda ya kuumulia, akafikicha siagi kwa ncha za vidole kama alivyoona, akatia zabibu, akatia maziwa kidogo kidogo. Hadi hapo alikuwa mwizi wa macho tu. Kuoka ndiko kulikomrudisha kwao. Stovu hakuna, basi akafanya kama mama yake akifanya kwa mkate wa mchele: sufuria pana juu ya makaa, skonsi ndani, mfuniko, na juu ya mfuniko akapalia makaa mengine, ya vifuu vya nazi. Moto chini, moto juu, na yeye ameinama kati, sikio karibu na sufuria.

Anasema zilikuwa zikinong'ona. Ziliponyamaza, akafunua. Zilikuwa zimepanda, zimepasuka kiunoni, mashavu mekundu kama bibi harusi aliyesifiwa. Wageni wale sita walikula wakamaliza, na mmoja akauliza ni stovu ya nchi gani inayooka hivi. Bi Mwatum akasema, "Ya Bwejuu."

Mwaka 1950 mtoto wa Shangani akapelekwa kwao kusoma, na Bi Mwatum akaja kukaa na sisi Miembeni. Tukamwendea majirani tisa, tukamwambia, bibi, utufundishe, tupate kitu cha kuuza huko kwenye chai za saa kumi za Wazungu. Akatufundisha uani kwake. Baada ya miaka miwili idara ikasikia, ikatupa ukumbi huu, tukaongezeka, na yeye akaandikwa mwalimu.

Mafundisho yake yalikuwa machache, na ulimi wake mrefu. Kidawa alipoukanda unga wa skonsi kama wa maandazi, Bi Mwatum alimuuliza, "Mwanangu, mmekosana? Huo unga umekufanyia nini?" Kisha akamshika mikono, akaipunguza nguvu. "Ushike kama unamwamsha mgeni. Hapo basi. Mwache."

TULIYOYAPATA

Kwa muda wa miaka mitatu nyumba za Shangani na Vuga zilikuwa zikingojea vikapu vyetu. Mikate ya chai, ya tende tulizoziroweka katika chai ya rangi tangu asubuhi, ilifika mpaka kwenye harusi za Kikwajuni. Mzee Hamad, ambaye yupo hapa na atatusamehe, alituapia kwamba chakula cha Kizungu hakimshuki kooni. Siku hizo akawa anapita ukumbini kila Ijumaa baada ya sala, eti anatafuta kofia aliyoisahau. Kofia iko kichwani. Tukimpa skonsi mbili, anaacha kuitafuta.

Kinamama wawili wetu wameezeka nyumba zao kwa kazi hii. Mmoja amemtoa mwanawe kwa fundi akamrudisha skuli. Hayo ndiyo tuliyoyapata, na yote yametoka kwenye sufuria moja.

YALIYOTUKUTA

Mwaka jana mwezi wa Machi idara ilitufanyia hisani, ikatuletea stovu ya mafuta ya taa: nyeupe, ina mlango, ina kisaa cha kuonesha joto. Tuliipokea kwa vigelegele, na shukrani zetu ni za kweli. Pamoja na stovu akaja Bibi Mtahini, Mwingereza mpole mwenye daftari na penseli, kwa kuwa kanuni mpya ilisema mwalimu lazima awe na cheti, na cheti kipatikane kwa kuoka skonsi kumi na mbili ndani ya stovu ile mbele ya macho yake.

Bi Mwatum aliizunguka stovu mara mbili. Akainama, akachungulia.

"Moto wa chini nnauona," akamwambia Abrahman, karani aliyekuja kutafsiri. "Wa juu uko wapi?"

"Wa juu hakuna, Bi Mwatum. Joto linazunguka lenyewe humo ndani."

"Linazunguka? Limepotea?"

Abrahman akacheka. Bibi Mtahini akauliza kinachochekwa ni kitu gani, naye akamjibu kwamba mwalimu anaisifu stovu.

Skonsi zikaingia. Sasa, Bi Mwatum ni mtu wa kufunua, kutazama, kufunika. Sufuria yake imemzoea. Stovu haikumzoea. Kila akifungua mlango, joto lilitoka mbio kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Akiufunga, linaanza upya. Hayo sisi tumeyajua baadaye kwa tabu. Siku ile hakuna aliyetwambia, na yeye hakuambiwa. Alipofungua mara ya sita, skonsi zilikuwa zimekauka chini, na juu nyeupe kama mtu aliyetoka homa.

"Juu zinanililia," akasema.

Hapo, Mgeni rasmi, akafanya alilofundishwa na mama yake, ambaye naye alifundishwa na mama yake. Akatoka uani, akarudi na koleo na karai la makaa ya vifuu yaliyokolea, akayapanga juu ya stovu ya serikali, moja moja, kwa utaratibu, kama anayepanga finjani.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemzuia. Tunaliungama hili mbele yako na mbele ya wazee. Tuliliona jambo la busara. Kidawa alichukua kipepeo cha ukili akawa anayapepea.

Rangi nyeupe ya stovu ikaanza kuumuka. Iliumuka vizuri kuliko unga wowote tuliowahi kuutia poda. Bibi Mtahini akapiga ukelele ambao haukuhitaji karani wa kuutafsiri. Tukamwaga ndoo ya maji, ukumbi ukajaa mvuke, na mvuke ulipotulia tukaona hali ilivyo: stovu imeiva, skonsi zimebaki mbichi.

Daftarini ikaandikwa: Hajui kutumia chombo, hafai kufundisha. Abrahman alitusomea polepole, kama kwamba neno likisomwa polepole litauma kidogo.

Asubuhi yake Bi Mwatum akaleta ufunguo wa ukumbi umefungwa kwenye pembe ya leso.

"Stovu ya watu nimeiunguza," akasema. "Mimi ni mtu wa sufuria. Niacheni na sufuria yangu."

"Bi Mwatum, ni rangi tu," Kidawa akamwambia.

"Rangi ya nani, mwanangu? Ungekuwa mlango wangu ningesema ni rangi tu."

Alikaa siku arubaini nyumbani akifuma kitambaa. Akakileta, akakitandika mwenyewe juu ya kidonda cha stovu, akakinyoosha pembe nne, akaondoka hajaketi.

Baada yake tuliletewa walimu wawili wenye vyeti, na hatuna neno baya juu yao. Wa kwanza aliolewa Pemba. Wa pili moshi wa mafuta ya taa ulimshika kifua, akaomba ruhusa. Sasa yapata miezi mitano hatuna mwalimu, na skonsi zetu zinajua. Nyumba moja ya Vuga ilituma kuuliza kama tulizopeleka ni za kula au za kuzuilia mlango. Kidawa alimtupia kunguru moja. Kunguru akaishika, akaipima, akaiweka chini kwa adabu. Vikapu vinavyotoka ukumbini sasa ni viwili kwa wiki. Na idara imetwandikia kwamba darasa lisilo na mwalimu ikifika Disemba litafungwa.

Bi Mwatum naye anauza vitumbua barazani kwake. Vitumbua vyake ni vizuri. Lakini ikifika saa kumi huwa anaacha kuteka uji, anakaa na upawa mkononi, anatazama njia ya kuja huku. Majirani wamemwona. Sisi tumemwona.

TUNAYOYAOMBA

Mgeni rasmi, kuna jambo hatukuliandika katika barua ya mwaliko. Skonsi ulizokula (tunaandika haya tukiamini kwamba tukifika hapa utakuwa kwenye ya tatu, kula, hatutazami) hazikupita ndani ya stovu. Ni za Bi Mwatum. Tulimwendea jana wote kwa pamoja, tukamwambia, njoo utupikie mgeni, utuokoe aibu. Akakataa. Tukamwambia Kidawa ndiye atakayepika. Akachukua sufuria yake akaja.

Kwa hivyo tunaomba, kwanza, umtahini upya, na umtahini kwa makaa. Skonsi ikipanda, ikaiva ndani, ikalainika ulimini, isiulizwe ililala juu ya moto gani. Nyumba nyingi za kisiwa hiki zina sufuria na vifuu. Stovu tumeiona moja. Mwalimu anayejua kuoka kwa vitu vilivyomo majumbani mwetu, huyo ndiye tunayemhitaji.

Pili, ukiinuka kwenda kuitazama stovu, tunaomba uinue kile kitambaa. Tusingeweza kukuacha uondoke ukidhani tumeitunza vizuri. Ukiliona lile kovu, tafadhali liandike kwa majina yetu sote, aliyepanga makaa, aliyepepea na tuliotazama. Tulikuwa ukumbi mzima, na tulikubaliana na makaa yale. Mtu mmoja amelibeba peke yake mwaka na miezi minne.

Tatu, kama kanuni ni kanuni, na haiwezekani darasa kuwa na Bi Mwatum na stovu kwa pamoja, basi tumeshauriana, tumepiga kura, na hakuna aliyepinga. Stovu ichukueni, mkaipe skuli itakayoijua thamani yake. Tutaibeba wenyewe mpaka garini, na tutaifuta vumbi njiani. Mwalimu tuachieni.

Yeye hajui kwamba tumeandika haya. Tulimwomba akae ndani na sisi, akasema, "Mkaguzi akiniona mimi atakumbuka stovu." Yuko uani nyuma ya mlango huu wa kushoto, ameinama kwenye makaa, na pengine anajiuliza mbona Mwanakheri leo anasoma kwa sauti kubwa namna hii. Sisi tukimwita haji, tumeshajaribu. Tunakuomba wewe, Bi Khamisa, ukimaliza chai yako, uende mlangoni umwite. Usimwite kwa jina. Mwite Mwalimu, uone kama hatageuka.

Mola akuzidishie afya na macho ya kuona, akulinde wewe na wa nyumbani kwako, na kila meza utakayoalikwa aitie baraka.

Ni sisi wako, Wapishi wa Saa Kumi wa Miembeni, ishirini na watatu humu ukumbini, na mmoja uani.