Praxeda Mhina na Viazi Vikuu vya Mwera

Baada ya miaka thelathini na mbili katika kituo chetu cha mazao ya mizizi hapa Mwera, Bi Praxeda Mhina anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alikuja akiwa binti aliyetoka chuo cha kilimo, akapewa shamba la viazi vikuu kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Anaondoka na magoti mabovu, na shamba ni lile lile.

Kazi yake ilikuwa kulinganisha aina. Asiyejua hudhani kiazi kikuu ni kiazi kikuu tu. Bi Praxeda alitufundisha kutazama. Kuna cheupe, chenye majani mapana, kinachozama ardhini hadi mchimbaji alale kifudifudi ndipo akifikie. Kuna na cha zambarau, kifupi, chenye ganda la kukwaruza na vinyweleo, kinachokaa juu juu ya tuta. Cheupe huzaa karibu mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo miaka yake ya mwanzo alikinadi cheupe kijiji kwa kijiji, kutoka Pangani mpaka Tongoni, na watu wakamsikiliza.

Ikaja masika ambayo mvua haikukatika. Majani ya cheupe yakashika madoa meusi, yakajikunja kama yaliyopitiwa na moto. Kule Tongoni, Bwana Marhun alikuwa amepanda shamba zima cheupe. Bi Praxeda alimkuta amekaa juu ya tuta, mapajani ana viazi vyembamba kama vidole.

"Bi Praxeda, si wewe uliyenambia ning'oe kile cha zambarau cha marehemu baba?"

"Ni mimi, Bwana Marhun."

Hakuitaja mvua. Alivua viatu, akachimba naye mpaka jioni, wakiokoa kilichookoleka.

Misimu iliyofuata alizunguka nyumba kwa nyumba, akavuka kwa kivuko cha Bweni mpaka ng'ambo, akiomba mbegu ya kile cha zambarau, maana madoa yalikuwa yamekiacha salama. Wengine walimpa kwa moyo mmoja. Wengine walimkumbusha kwanza ni nani aliyewaambia wakitupe. Aliwashukuru wote, akakata vipande, akavipanda, na mbegu ya kwanza akampelekea Bwana Marhun. Siku hizi Marhun hupanda nusu kwa nusu, na kila Ramadhani hutuletea futari kituoni.

Kilichobaki cha utumishi wake, Bi Praxeda alikitumia kujaribu kuziozesha aina hizo mbili, chavua ya moja kwa ua la nyingine. Ni kazi ya kuchosha. Kiazi kikuu hakina haraka ya kutoa maua, na kikitoa, ua dume huchanua wakati ua jike limeshafunga. Safari moja alifanikiwa. Tulipochimba, watoto wa ndoa hiyo walikuwa wadogo kama cha zambarau na wagonjwa kama cheupe. Mwenzetu Tadeo alimtazama kwa hofu. Bi Praxeda akakaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hatukujua yote yalikuwa ya kicheko au la. Kesho yake alikuwa shambani tena.

Aina aliyoitaka, yenye uzito wa cheupe na afya ya zambarau, hakuipata. Ametuomba jambo hilo tuliandike hivyo hivyo, tusilipambe. Tumeliandika. La kwetu tunaongeza moja: kwamba kiazi cha zambarau bado kinapikwa majumbani kuanzia hapa mpaka Tongoni, na kwamba hilo halikutokea lenyewe.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani, tulitegemea ataje kitenge au saa ya ukutani.

"Kiti," akasema. "Chenye mgongo, na pa kuegemeza mikono."

Ahsante, Bi Praxeda, kwa miaka yako na kwa mgongo wako. Kiti tumekinunua, na kimeshafikishwa barazani kwako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku zisizo na haraka. Kikalie, unyooshe miguu. Kuinama sasa ni zamu yetu.