Asenath Nabalayo, Aliyekataa Mlingoti Ung'olewe

Na Waruguru, Kitengo cha Habari

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Asenath Nabalayo anastaafu baada ya kuitumikia Redio Kizingiti kwa miaka ishirini na mmoja. Karibu sote tulimkuta hapa. Hatujui kituo hiki kingekuwaje bila yeye, na hatukuwa na haraka ya kujua.

Alikuja Nairobi kutoka Kimilili akiwa msichana, akafanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Jumamosi moja, katika ukumbi wa kanisa Makadara, alikutana na chama cha redio ya ridhaa: watu wanaojiundia redio zao na kuzungumza na wenzao wa nchi za mbali, kwa kupenda tu. Mzee Mbuthia, fundi wa simu, ndiye aliyemfundisha. Mtihani wa leseni ulimwangusha mara mbili. Alipopita, alizungumza na daktari mmoja wa Mwanza kuhusu mvua. Anasema hajawahi kufurahia habari za mvua kama siku hiyo.

Kituo kilimwajiri awe fundi mitambo. Wakati huo kadi za salamu zilikuja kwa magunia. Zikafuata meseji, kisha WhatsApp, na leo wasikilizaji wengi wanatupata kwenye simu. Mama Asenath hakunung'unikia hata kimoja. Kila kipya alikifunga kwa mikono yake. Nyumbani kwake, mtaa wa Fedha, ameshuhudia makubwa zaidi. Aliwahi kuhangaika juma zima akitafuta kwa nini Tanzania haisikiki, kumbe jirani alikuwa ameanika mablanketi ya familia nzima kwenye waya wake wa antena.

Chama nacho kilipungua. Wengine walirudi mashambani, wengine wakafariki, vijana wakauliza redio ya nini na simu ipo. Kufikia mwaka 2023 walibaki watatu: yeye, Mzee Mbuthia, na Hirad, anayeuza vipuri vya redio Eastleigh.

Aprili mwaka huo stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu kupita kiasi, na transmita yetu, mtambo wa kurushia matangazo, ikatoa moshi. Bei ya mpya haikushikika. Meneja wetu, Bw. Ndirangu, aliita mkutano na kutueleza kwa upole kwamba tutaendelea kwenye mtandao peke yake, masafa tuyarudishe serikalini, na mlingoti wa antena uuzwe. Hakuwa na ubaya. Hesabu ndiyo ilisema hivyo, na wengi wetu tulikuwa tumeinamisha vichwa.

Mama Asenath alisimama. "Kuna watu hawana bando," alisema. "Nipeni wiki mbili. Nikishindwa, huo mlingoti nitaung'oa mimi mwenyewe."

Akawaita wenzake wawili. Mzee Mbuthia alikuja na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na Hirad akafunga duka. Walifungua transmita sakafuni, wakalehemu, wakapima, wakalehemu tena. Siku ya nne alifika langoni Bw. Wanyoike, muuza nyama wa Soko la Burma, akiwa bado na koti lake la buchari. Aliuliza ni nani amekufa hapa kwetu, maana redio yake ilikuwa inavuma tu. Mama Asenath alimwambia hakuna aliyekufa, arudi kazini na asiizime.

Jaribio la kwanza liliungua. Harufu ilijaa hadi studio, na Hirad akakaa chini. Ilionekana kisanduku kinacholisha mtambo stima kilikuwa kimekufa kabisa na hakuna duka lililokuwa nacho. Mama Asenath alinawa mikono, akaenda zake. Kesho yake alirudi na kisanduku kilichofungwa kwa leso, wakakiunganisha, na asubuhi hiyo sauti ya Redio Kizingiti ikarudi hewani kwa nusu ya nguvu. Mchana Bw. Wanyoike alituletea mbavu za mbuzi. Mzee Mbuthia, ambaye meno yake ni ya kuhesabu, aliomba supu.

Hatukuuliza kisanduku kilitoka wapi. Miezi ilipita ndipo Hirad akaniambia kwamba Mama Asenath alikitoa kwenye redio yake mwenyewe. Aliinyamazisha ile iliyompa Mwanza ili ya kwetu iseme. Tena kwa nusu ya nguvu tulisikika Majengo na Burma, lakini Fedha hatukufika. Kwa zaidi ya miaka miwili alitutunza mchana, na jioni akarudi kwenye nyumba isiyotusikia. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Ningesema, mngeanza kunionea huruma badala ya kufanya kazi."

Ndugu wasomaji, ile asubuhi ndiyo iliyotuokoa. Kwa kuwa tulibaki hewani, masafa hayakurudishwa, na Agosti mwaka huu wafadhili walitununulia transmita mpya. Aliifunga yeye. Alikataa kwenda nyumbani kusikiliza kabla hajamwonyesha Shiro, atakayeshika nafasi yake, kila swichi. Kisha akaondoka mapema, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, na baada ya saa moja akapiga simu studio kusema habari zangu nazisoma mbio mno.

Januari ataanza kufundisha redio ya ridhaa katika ukumbi ule wa Makadara. Bw. Ndirangu alimuuliza kama siku hizi kuna atakayekuja. "Watakuja," alisema. "Wasipokuja, nitawafuata."

Mama Asenath, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa kutokubali. Tunakuombea afya njema, majirani wenye kamba zao za kuanikia, na darasa ambalo viti havitalitosha. Habari nitazisoma polepole.