Historia ya Marehemu Ketty Mutanu Odera, Mwenyekiti Aliyejitoa Mwenyewe

Mchungaji, ndugu zetu wa Kangundo na wa Siaya, majirani wa Ndia Kuu na Kuze ambao mmefunga na bado mmekuja kuketi nasi katika joto hili, familia imenituma nisome maisha ya mama yetu kama alivyoyaacha, pamoja na ile sehemu aliyotuusia tusiiruke.

Ketty Mutanu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1953 huko Kangundo, Machakos, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nzioka Mutua na marehemu Mama Mwende Nzioka, na mwaka wa 1960 baba yake, aliyekuwa fundi wa mabehewa katika reli, aliwaleta Mombasa wote, wakapewa chumba kimoja na jiko katika nyumba za wafanyakazi wa reli pale Makupa. Mama yake alizoea kusema kwamba watoto wengine ukiwatuma dukani unawasubiri, lakini Mutanu ukimtuma dukani unamkuta amekwenda, amerudi, na ameondoka tena kwenda kuona kwa nini jirani analia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1961, akamaliza la saba mwaka wa 1967, akaendelea na sekondari hapa hapa kisiwani kuanzia 1968 hadi alipofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 1971, na ripoti yake ya mwisho, ambayo Beryl ameihifadhi, ina maneno manne ya mwalimu mkuu: “Ana akili, ila hatulii.” Baada ya mwaka mmoja wa kujifunza kupiga chapa na hati mkato, aliajiriwa tarehe 2 Aprili 1973 na kampuni moja ya uwakala wa mizigo kule Kilindini, akaanza kama mpiga chapa na kustaafu akiwa mkuu wa ofisi tarehe 30 Septemba 2008, miaka thelathini na mitano bila kuhama mwajiri, jambo lililowashangaza wote waliomjua, maana nyumbani hakuweza kumaliza kikombe cha chai mahali alipokianzia.

Huko bandarini ndiko alikokutana na Morris Odera, dereva wa kreni, mtu wa Siaya, mpole, mzito wa kusema, na wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1977. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ken aliyezaliwa tarehe 4 Aprili 1979 na Beryl aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1982, na wajukuu watano, ambao wote wapo hapa. Mzee Morris alitangulia tarehe 12 Julai 2006, na leo tunamlaza mama kando yake, Mbaraki.

Mwaka wa 1999 mama na Mzee Morris walinunua jengo la ghorofa moja kwenye Ndia Kuu, nyumba ya kale ya mawe na chokaa, yenye dari za boriti, kutoka kwa familia ya marehemu Bi Mwanakuu, na mwaka wa 2001 wakaikodisha sehemu ya chini kwa Shirika la Barua Pwani, nalo likatia kaunta, mizani, na masanduku ya barua mia mbili na arubaini ukutani. Mkataba ulisema kwamba vya ndani ni vya shirika, lakini paa, kuta na dari ni juu ya mwenye jengo, na kwa kuwa kisiwani walikuwapo wenye majengo wengine kumi waliotia sahihi mkataba kama huo, tarehe 14 Februari 2009 walianzisha jumuiya yao, ili shirika likitaka kusema na mwenye jengo mmoja liseme na wote. Mama alichaguliwa mwenyekiti tarehe 5 Machi 2011, katika mkutano uliofanyika nyumbani kwa Bi Ruweida, Kuze, na makamu wake akawa Bwana Taib Abdulbasit, mwenye duka la vitambaa, ambaye jengo lake liko hatua mia tatu kutoka hapo.

Wanajumuiya wanakumbuka kwamba mikutano ya mama ilikuwa mifupi, aliiongoza akiwa amesimama, na mwisho wake wanachama wawili watatu walijikuta wakitembea nyuma yake kwenda kuangalia mfereji wa mtu uliovuja. Yeye ndiye aliyeleta utaratibu wa ukaguzi kila Machi, kabla ya mvua za masika, kila jengo lipandwe juu, lichunguzwe, fomu ijazwe na mwenyekiti aitie sahihi, na kwa miaka minane alizunguka Majengo, Tononoka, Ganjoni, Kuze, kwa miguu na kwa tuktuk, akigonga kuta za watu na kuwakera, na hakuna jengo la posta lililomdhuru mtu.

Sasa naifikia sehemu ile. Machi 2019 mama alikuwa mbioni kupita kiasi, paa la Tononoka lilikuwa limefumuliwa na mwenyewe yuko safarini, na Fundi Chonga, aliyekuwa akimtengenezea nyumba yake, alimjia akamwambia kwamba boriti mbili juu ya kaunta zimeliwa na mchwa. Mama alimwambia watalifanya baada ya masika, kisha kwa kuwa mwenyekiti ni yeye na jengo ni lake, akaijaza fomu ya Ndia Kuu akiwa mezani kwake na kuitia sahihi, bila kupanda juu. Jumanne tarehe 21 Mei 2019, saa nne asubuhi, baada ya siku tatu za mvua, dari ikaanguka. Ndani alikuwamo karani mmoja, Bwana Katana Charo, aliyekuwa akipanga vifurushi, na boriti ikamwangukia mguu wa kulia, akatolewa na majirani waliokuja na mikono mitupu, akakaa hospitalini miezi mitatu, na hadi leo anatembea kwa mkongojo.

Shirika liliandika kwamba ajali ilisababishwa na mvua kubwa, na hakuna aliyeuliza habari za fomu. Bwana Taib peke yake ndiye aliyeambiwa na mama, siku ya tatu, mbele ya duka lake, naye amekubali tuyasome aliyomjibu siku hiyo ya Ramadhani, akiwa amefunga na amechoka, kwa kumhurumia.

“Mama Ken,” alimwambia, “mvua haina wakili. Iwate ibebe lawama.”

Mama akaenda zake, lakini hakuiacha mvua ibebe, wala hakujua aibebeje mwenyewe. Beryl anasimulia kwamba siku zile mama alikuwa akipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi, anafungua mlango wa mbele, anasimama, anaufunga, anavaa viatu vya kutoka na kuketi navyo, na ukimwuliza anakwenda wapi anasema hajui. Mara tatu alikwenda hospitalini hadi langoni na kurudi, mara moja akiwa na chungwa mkononi, ambalo alilileta tena nyumbani na kuliweka mezani, na hakuna aliyethubutu kulila. Mara ya nne, Jumatano tarehe 12 Juni, aliingia, akamkuta Bwana Katana ameinuliwa mguu, akamweleza yote akiwa amesimama, kuhusu fundi, mchwa, fomu, na kalamu aliyoitumia. Bwana Katana alimsikiliza hadi mwisho, akageuza uso ukutani, kisha akamwambia, “Usiniombe msamaha leo. Njoo tena.”

Jumamosi tarehe 15 Juni 2019 wanajumuiya walikutana Kuze, siku chache baada ya Idi, sahani za vileja zikiwa bado mezani, na mama, ambaye hakuwahi kuketi mkutanoni, siku hiyo aliketi. Alisema, “Fomu ya jengo langu niliitia sahihi mimi, na juu sikupanda. Fundi aliniambia mapema. Kuanzia leo mimi si mwenyekiti wenu.” Wengine walimsihi ayameze maneno yake, kwa kuwa nusu ya wanachama walikuwa tayari wamechoshwa na posta, barua zimepungua, watalii wanataka vyumba vya kulala, na aliyekuwa akiwashikanisha ni yeye, akitoka tu kila mmoja ataita fundi avunje kaunta. Mama alisema analijua hilo, na kwamba limemsumbua kuliko jingine lolote, kwa sababu bado kuna wazee Mji wa Kale wanaotembea hadi dirisha lile kupokea barua na dawa zinazotumwa na watoto wao, lakini jumuiya ya ukaguzi haiwezi kuongozwa na mtu aliyekagua kwa kalamu. Bwana Taib akachaguliwa kushika nafasi yake, na wanachama wawili walijitoa mwezi uleule.

Tusiseme kwamba baada ya hapo mama alitulia, maana hakutulia. Alikuwa akimpigia Bwana Taib simu mara sita, mara saba kwa siku, kumkumbusha mfereji wa Ganjoni, kumwuliza kama ameandika barua kwa shirika, kumwambia kwamba barua aliyoiandika ni ndefu mno, mpaka asubuhi moja ya Agosti Bwana Taib alipofunga duka, akaja nyumbani, akakataa kahawa, akamwambia, “Mama Ken, kitini umetoka, lakini mguu umeuwata mlangoni.” Mama akacheka, na kwa mujibu wa Bwana Taib mwenyewe simu zikapungua hadi mbili.

Nguvu zile akazipeleka kwingine. Jengo la Ndia Kuu lilivuliwa dari yote, boriti zikabadilishwa moja moja, na mara hii kila moja aliipandia ngazi na kuigusa kwa mkono kabla Fundi Chonga hajaifunika, mwanamke wa miaka sitini na sita, huku Ken ameshika ngazi chini na kumlalamikia. Dirisha la posta lilifunguliwa tena tarehe 13 Januari 2020. Na kila Jumatano alikwenda kwa Bwana Katana, kwanza hospitalini, halafu nyumbani kwake Tudor, akibeba kilichokuwapo, mara nyingine wakizungumza, mara nyingine Bwana Katana akiwa na maumivu na hasira, akimwambia hana maneno leo, naye akikaa ukumbini na mke wake wakichambua mchicha. Bwana Katana alirudi kazini Februari 2021, kwenye kaunta ile ile, kwa hiari yake, baada ya kupanda juu na mkongojo wake na kuziangalia boriti mwenyewe.

Maradhi ya mama yalianza Agosti 2024, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na madaktari wakatuambia kwamba moyo umechoka na hautarudi ulivyokuwa. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho, kuanzia tarehe 26 Februari mwaka huu wa 2025, aliona alama ya maji kwenye dari ya wodi, akawaandama wauguzi mpaka kitanda cha mgonjwa wa jirani kikasogezwa, na Muuguzi Nekesa, ambaye alikuwa akimwambia kila mara alale, ametuambia kwamba siku ya nne bomba lilipasuka kweli, maji yakamwagika mahali palipokuwa na kitanda kile. Mama alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tisa alasiri, Ken na Beryl wakiwa naye, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja na miezi sita.

Tangu matanga yaanze watu wamekuwa wakimvuta Ken pembeni na kumwuliza kama atarithi uongozi, na mama alikwisha kuacha agizo kwamba jambo hili lisemwe hapa, mbele ya wote. Bwana Taib alimaliza muda wake, na tarehe 22 Februari 2025 wenye majengo tisa waliobaki walimchagua Bi Ruweida kuwa mwenyekiti wao, mama akapiga kura yake kwa simu akiwa kitandani. Ken ataingia kama mwanachama kwa ajili ya jengo la Ndia Kuu, lakini familia haidai kiti na haitakigombea. Hakuna mwenye jengo anayetia tena sahihi fomu ya jengo lake mwenyewe, hutiwa na wengine wawili waliopanda juu, na ukaguzi wa Machi hii, ambao mama aliuulizia hadi siku aliyofariki, umekwisha katika majengo saba. Mawili yamebaki, na Bi Ruweida ametuomba radhi kwamba kutoka makaburini atapitia Majengo moja kwa moja, kwa sababu wingu limekwisha kuonekana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, Muuguzi Nekesa kwa namna ya pekee, waliokuwa wenzake bandarini waliochangia jeneza, majirani wa Mji wa Kale waliotuletea maji na mikeka nao wenyewe hawanywi, na wanajumuiya wote, hata wale wawili waliojitoa, ambao tumewaona.

Bwana Katana yuko hapa pia, mstari wa pili. Tulipomwuliza tuandike nini juu yake, tukitaka kuandika kwamba alimsamehe mama, alifikiri sana, akasema neno lile hakuwahi kulitamka, na mama hakumwomba tangu siku ile ya kwanza, kwa hiyo tusimwekee kinywani. Akasema tuandike kwamba Jumatano zilipokoma, Agosti, mama alipoanza kushindwa kutembea, yeye ndiye aliyekuwa akija.

Mutanu binti Nzioka, mke wa Morris, mama yetu, Mungu akupumzishe kwa amani, wewe uliyetuchosha kwa upendo.