Taratibu na Farasi wa Mtu Mmoja

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake niliyemfuata kuzaliwa, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na mkewe, shemeji yangu, ameniagiza nisiyapambe, kwa sababu mwenyewe hakupenda kupambwa, na kwa sababu mengi ya maisha hayo ninyi mliyaona kwa macho yenu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya mabanda ya klabu ya mbio za farasi, ambako baba yetu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na tulikaa katika chumba kimoja chenye jiko na dirisha moja, dirisha lililotazama ukuta wa banda kwa karibu kiasi kwamba mama alianika vitambaa vyake kwa kunyoosha mkono tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akafaulu, akaingia sekondari mwaka 1971. Wengi wenu mnaamini kwamba alipenda farasi tangu akiwa mdogo, na magazeti yaliwahi kuandika hivyo, lakini si kweli. Alipenda redio. Chini ya kitanda alikuwa na redio moja mbovu aliyoifungua na kuifunga hadi ikaanza kutoa sauti, na alikuwa amekwisha kuulizia nafasi katika chuo cha ufundi, pale baba yetu alipopigwa teke la nyonga na farasi, mwezi Juni mwaka 1973, asiweze tena kusimama bila fimbo. Nyumba ilikuwa ya kazi, asiye na kazi hakai, na mkubwa wa watoto alikuwa yeye, basi tarehe 2 Julai mwaka huohuo aliacha kidato cha tatu na kuajiriwa bandani kwa muda, mpaka mzee apone. Mzee hakupona vizuri, na muda ule ukawa umri wake.

Mfunza farasi mkuu wa siku hizo masaisi walimwita Bwana Kiboko, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Farasi aliyekataa tandiko alifungwa mguu mmoja juu na kuchapwa mpaka jasho limtiririke, wakasema ametiwa adabu. Kaka alishika kamba kwa miaka miwili, akitazama pembeni.

Lililombadilisha lilitokea mwaka 1975, na alilisimulia mara nyingi, ingawa kila mara kwa kifupi. Banda lilikuwa na kanuni kwamba anayepita kwenye ujia na kukuta komeo liko wazi alifunge, bila kuuliza, ili farasi wasitoroke, na siku moja mchana kaka aliingia kutoa ndoo katika chumba cha farasi mkali, chumba ambacho mlango wake ulikuwa mzima hadi juu na komeo lake la nje tu, mwenzake akapita, akaliona, akalifunga, akaenda zake kula. Kaka hakuweza kupiga kelele, kwa kuwa kelele zingemstua farasi, na teke la mle ndani lisingekuwa na mahali pa kukwepea. Alisimama kwenye kona. Aligundua kwamba akimkabili farasi kifua kwa kifua masikio ya mnyama yanalala nyuma, na akigeuza bega na kutazama sakafu yanainuka, na kwamba akishusha pumzi ndefu farasi naye anashusha ya kwake. Walipokuja kumfungulia wakati wa chakula cha jioni walimkuta bado kwenye kona, farasi amemwekea kidevu begani. Baadaye alituambia, "Wote wawili tulikuwa tumefungiwa, ila mwenzangu alikuwa na uzoefu."

Kutoka hapo alifanya kazi kwa namna ile aliyojifunza kwenye kona. Alimpa farasi ubavu, si uso, alinyoosha mkono na kuuacha ukataliwe, na farasi alipopiga hata hatua moja ya kukubali, hapohapo alilegeza kamba, kwa sababu kwake kulegeza ndiko kulikofundisha, si kuvuta. "Akirudi nyuma amekwisha kujibu," aliwaambia vijana, "usimuulize tena kwa fimbo." Ofisini walimcheka, wakisema mpeni farasi Bwana Taratibu huyu, atamaliza kumfunza mwaka kesho kutwa, na jina likamganda, hata mama yetu akaja kulitumia. Bwana Kiboko alipostaafu mwaka 1989, Taratibu alikabidhiwa nafasi yake, na lijamu zenye meno, vile vyuma vya kinywani, zikatolewa mabandani kwa toroli.

Tarehe 18 Agosti 1984 alimwoa fundi cherehani aliyekuwa na meza yake mbele ya duka la vitambaa, baada ya uchumba ambao shemeji anasema ulicheleweshwa na harufu ya farasi. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni muuguzi, binti wa pili ambaye ni mwalimu, na kitinda mimba wa kiume anayetengeneza simu na redio. Walilelewa katika nyumba zilezile za nyuma ya banda, na kwa kuwa shemeji hakutaka wajukuu wake nao waanikiwe nguo kwenye ukuta wa farasi, walipata kiwanja, wakajenga kidogokidogo, na kufikia mwaka 2012 nyumba ilikuwa na bati, milango na maji. Walikubaliana kwamba mwaka unaofuata kaka angestaafu na wangehamia.

Mwezi Februari 2013 aliletwa farasi jike wa miaka mitano, aliyekuwa amechapwa huko alikotoka, ambaye katika majuma yake ya kwanza aliwaangusha wapandaji wawili na kumvunja mkono msaidizi wa daktari wa mifugo. Masaisi walimwita Kisirani. Meneja wa klabu aliamua kwamba asipogusika kufikia mwisho wa mwezi, daktari aitwe amchome sindano ya kumlaza moja kwa moja, na kaka akaomba apewe yeye.

Alimpa ubavu. Alikaa naye, akaondoka alipokataliwa, akarudi, na ili farasi asisumbuliwe alipiga marufuku mtu mwingine yeyote kupita kwenye ujia ule, akabeba maji mwenyewe, akasafisha mwenyewe, akamkata kwato mwenyewe. Kisirani alitulia. Aliitika akiitwa, alifuata bila kamba, na wageni waliletwa kuja kutazama farasi wa mtu mmoja, wakapiga makofi. Kaka naye alifurahi, kwa muda.

Kisha ikaja harusi ya binti wa pili, Novemba 2013, katika mji wa mbali. Kaka aliondoka Ijumaa, na Jumamosi, akiwa amekwisha kumshika binti yake mkono na kumkabidhi kwa mume, alipigiwa simu kwamba Kisirani hajanywa maji tangu aondoke, hakuna anayeweza kuingia, na amejichana kifua kwa kuupiga mlango. Aliondoka kabla ya chakula. Aliingia bandani akiwa na suti ya harusi, farasi akanywa ndoo mbili. Binti huyo yuko hapa, na ameniruhusu nisome maneno aliyomwambia baba yake kwa simu jioni ile, "Umenipa mume, umeniachia na kiti chako kitupu."

Tangu siku hiyo kaka hakukubali tena kusifiwa kwa ajili ya Kisirani. Alisema alikuwa amefanya kosa la mtu mpole, ambalo ni baya kwa kuwa halionekani kama kosa, amemtoa farasi kwenye hofu ya watu wote akamwingiza kwenye hofu ya watu wote isipokuwa yeye. "Huyu sikumfunza," alisema, "nimemhamisha gereza, nikawa mimi ndiye dirisha." Alijaribu kumzoesha kwa masaisi wengine, lakini wao walikuwa wanamwogopa, na farasi anaisoma hofu ya mtu kabla mlango haujafunguliwa. Kustaafu kukaahirishwa. Mwaka 2014 shemeji alichoka kungoja, akahamia nyumba mpya na kitinda mimba, na kaka akabaki katika chumba kilekile, akipelekewa chakula. Majirani walipomuuliza shemeji mumewe yuko wapi, alijibu kwamba wanawake wengine wana wake wenza wa miguu miwili, wa kwake ana minne, na zamu hazipo.

Kikohozi kilianza mwezi Machi 2020. Oktoba 2021 ilithibitishwa kwamba mapafu yake yameota makovu kutokana na vumbi la nyasi kavu la miaka yote ile, na daktari, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akamwambia, "Mzee, chagua, banda au pumzi." Kaka akamjibu, "Nikichagua pumzi, yuko mwingine atakayekatiwa ya kwake." Meneja hakuwa mtu mbaya, na hakumficha. Farasi asiyeweza kunyweshwa na mtu hawezi kuachwa afe kwa kiu, kwa hiyo siku Taratibu atakapokabidhi funguo, daktari wa mifugo ataitwa.

Januari 2022 kaka alimwomba mkewe aje akae mlangoni kwa Kisirani. Shemeji alidhani ni mzaha.

"Mimi? Kwa huyo aliyeninyang'anya mume?"

"Ndiyo maana," kaka akasema. "Wewe huna haja ya kumpendeza. Wengine wote wanataka kitu kwake."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashona vifungo kwa mkono, bila kumtazama farasi, kama alivyoelekezwa. Saisi mmoja alishauri avae koti la kazi la mumewe, farasi anuse harufu anayoijua, na kaka akakataa katakata, akisema huko ni kumdanganya, na siku akigundua hatamwamini tena yeyote. Kisirani alirusha mateke hadi mbao zikapasuka. "Piga, piga," shemeji alimwambia, macho kwenye sindano, "ukuta si wangu." Alimsimulia bei za vitambaa, wateja wasiorudi kuchukua nguo, na makosa ya mume wao, kwa urefu.

Taabu ilikuwa kaka mwenyewe. Alikaa kwenye benchi mwisho wa ujia, na kila alipokohoa Kisirani aligeuka kumtafuta, na kazi yote ya asubuhi ikapotea. Akahamia uani, kikohozi kikasikika. Akahamia getini, kando ya barabara, na huko akakaa kila asubuhi kwa miezi, akiingia jioni tu kumpa maji, haoni kitu, hasikii kitu, mtu aliyefunza farasi kwa karibu miaka hamsini akingoja nje, huku wapita njia wakimuuliza kama amefukuzwa kazi.

Tarehe 17 Septemba 2022 shemeji alitoka akiwa amelowa mkono mzima hadi begani. Kaka akasimama.

"Amekunywa?"

"Amekunywa, na yaliyobaki akanimwagia. Hana adabu, mke mwenzangu."

Kaka akakaa tena, na alipopata pumzi akasema, "Twende nyumbani basi." Alikabidhi funguo siku hiyo, akahamia nyumba yake, miaka kumi baada ya kumalizika kwake.

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba hapo alikuwa huru. Kwenye nyumba ile aliishi na mashine ya hewa, na mpira wake ulifika sebuleni lakini haukufika barazani, na shemeji, ambaye sasa ndiye pekee aliyekubaliwa, alilazimika kwenda bandani asubuhi na alasiri, Jumapili na sikukuu, kwa hiyo aliyezoea kungoja akawa anangojwa, na aliyezoea kungojwa akawa anasikiliza lango. Kaka aliliona hilo kabla yetu. Alitaka aongezwe mtu mwingine mlangoni, na mwingine tena, mpaka Kisirani awe farasi wa mtu yeyote, lakini mwili haukumpa nafasi. Alifariki tarehe 11 Februari 2023, nyumbani, mikononi mwa binti yake muuguzi. Mkewe alikuwa bandani, kwa kuwa ilikuwa saa ya maji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule aliyekuwa akimpigia simu hata siku ambazo si zamu yake, inawashukuru majirani waliokuja mbio na jenereta kila umeme ulipokatika, masaisi waliobeba jeneza leo asubuhi wakiwa na viatu vyao vya kazi, na meneja aliyesimamisha shughuli za klabu ili wote waje.

Asubuhi ya leo shemeji alikwenda bandani kabla ya kuja hapa, akifuatana na binti wa pili, aliyeketi kwenye ndoo yake akiwa na nguo za msiba na sweta analofuma, asimtazame farasi. Kisirani alibaki ukutani nyuma. Hakupiga teke.

Shemeji ameniagiza nimalize hivi, kwamba leo anamzika mume, lakini kifungo cha mumewe hataki kukirithi, wala hataki binti yake akirithi peke yake. Kuanzia Jumatatu, anayeweza aje bandani, mmoja mmoja, na kazi yake ya mikono, iwe ni kushona, kufuma au kumenya viazi, akae mlangoni, aongee akitaka, asimtazame. Koti la marehemu halitaazimwa. Meneja, mbele yenu, ameahidi kwamba daktari hataitwa maadamu mlangoni kuna mtu.

Pumzika sasa, kaka. Maji tutampelekea sisi.