Jina la Elysée Lisomwe Kesho

Karibieni kitanda, wanangu, na weye Antoine vua kofia yako ya jeshi ukae, maana neno hili litakuuma kuliko wote, na pumzi yangu haitoshi kulisema mara mbili.

Kesho kambini watasoma majina ya askari waliokufa vitani. Kila mwaka nilisoma mimi, nanyi mukajivunia sauti yangu. Jina moja sikulisoma hata siku moja: Elysée, mume wa huyu mama Bibiane niliyemwita leo aje akae nasi. Bunia nzima inasema Elysée alitoroka jeshi. Wa kwanza kusema hivyo ni mimi.

Tulikuwa siye watu sita kwenye daraja, upande wa Bule, risasi zikitoka kila upande, na Landry amepigwa mguu, hawezi kutembea. Mimi nilikuwa kaporali. Aliyepaswa kubaki nyuma ni mimi. Elysée akaniambia, “Kaporali, weye uko na watoto wadogo. Peleka hawa wengine. Mimi nabakia na Landry.”

Sikuondoka polepole, wanangu. Nilikimbia, hata bunduki nikaitupa. Komanda aliponiuliza bunduki iko wapi, nikajibu, “Elysée ametoroka nayo.” Wale watatu niliokimbia nao walinyamaza, na wote wamenitangulia kaburini. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Yangu imechukua miaka kumi na minane. Wale wawili hawakurudi, lakini Landry peke yake nilimsoma kila mwaka. Bibiane alifukuzwa kambini akiwa na mimba, watoto wake wakaitwa watoto wa mtoro.

Antoine, usisimame. Najua, ulipokelewa jeshini kwa heshima yangu. Heshima hiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Marcelline, binti yangu, karatasi yenye maneno haya iko chini ya mto. Nimetia kidole mbele ya padri. Mupelekee komanda asubuhi. Shamba letu la Bogoro sasa ni la watoto wa Elysée, na mtu asiseme nimelipa, damu hailipwi kwa udongo.

Mama Bibiane, unaniuliza alizikwa wapi. Sijui, mama. Sikurudi kuangalia.

Kesho jina lake utalisoma weye, Antoine. Jaribu sasa, nisikie.

Kwa nguvu, mwanangu. Mama Bibiane hajasikia.

Ndiyo... hivyo. Mungu awabariki... awape moyo wa kubaki... pale mimi...