Damu Nzito ya Antipasi Mughwai

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, wazee wetu shikamooni, familia inatanguliza kuomba radhi, kwa sababu historia hii itasomwa vibaya, msomaji hajalala vizuri tangu msiba uingie, miwani ameazima, na maisha yake yote amezoea kusimama mbele ya watu waliokuja kucheka, lakini marehemu aliagiza asome yeye na si mwingine, na sababu mtaisikia mwishoni, tuvumiliane.

Marehemu Antipasi Mughwai alizaliwa tarehe 14 Aprili 1938 hapa Ilongero, akachelewa kuanza shule kwa kuwa ng'ombe wa baba yake hawakuwa na mchungaji mwingine, akaingia darasa la kwanza mwaka 1948 na kumaliza la nane mwaka 1955. Mwaka 1958 aliajiriwa fundi katika kiwanda cha kukamua mafuta mjini Singida, akakitumikia hadi tarehe 30 Juni 1989, alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake, akarudi nyumbani na spana zake na mgongo unaouma. Mwaka 1991, ruksa za biashara zilipokuwa nyingi na ajira hakuna, alifunga mashine yake mwenyewe ya alizeti, ile iliyokuwa inatuamsha kabla ya jogoo.

Tarehe 6 Oktoba 1963 alifunga ndoa na Damari, binti wa Manyoni, dada yake msomaji, na ndiyo maana utani kati ya mashemeji hawa wawili haukuwahi kupewa likizo. Mungu aliwajalia watoto wanne, Ritha, Nathan, Agnes, na Paulo aliyetutangulia mwaka 1979.

Mwezi Septemba 1994 marehemu alianza kubanwa kifua akiinua gunia, kichwa kinamgonga, macho mekundu, anachoka hata kabla kazi haijaanza, na sisi ndugu, ambao kwetu mtu akichoka basi damu imepungua, tukamletea maini, mchicha, na zile chupa za dawa ya kuongeza damu zilizojaa kila duka siku hizi, akanywa zote kwa adabu, akazidi kuumwa. Tarehe 20 Februari 1995 daktari akamwambia damu yake haikupungua, imezidi, imekuwa nzito, kwenye mishipa mikubwa ya moyo inajisukuma, lakini ikifika kwenye vile vimishipa vyembamba kama nywele inasuasua, na moyo unabaki na njaa, kwa hiyo itabidi kila mwezi atolewe kiasi.

"Daktari, wenzangu wanaongezwa, mimi unanipunguza?" marehemu aliuliza, lakini fundi ni fundi, alivyorudi aliwaeleza wateja wake, "Si mnayaona mafuta asubuhi za baridi? Mashine inanguruma, bomba halina neno, ila kwenye kitambaa cha kuchujia hayapiti. Basi, moyo wangu ndio huo."

Tangu hapo Damari akawa anampandisha lori kila mwezi kwenda kutolewa damu, akawa anamchunga hata kwenye sherehe, "Baba Ritha, rudisha hilo ini," naye anarudisha, huku watu wanaona mke anamnyima mumewe ini na kumpeleka akatolewe damu, likazuka neno kwamba Damari anaiuza damu hiyo. Kisimani hakuna aliyemtwisha ndoo, wateja wakapeleka alizeti kwingine, na ukoo ukaja kumkataza marehemu asisafiri tena na mkewe. Marehemu, akiwa amechoka, aliwajibu, "Huyu ndiye kitambaa changu cha kuchujia, mkimtoa nitaziba," akapanda lori na mkewe, akaendelea kupanda hadi mwezi uliopita. Daktari ametuhakikishia kwamba bila safari hizo tungekuwa tumemzika zamani.

Tarehe 3 Julai 1997, alfajiri, akiwa anawasha mashine, kifua kilimbana, akakaa juu ya gunia, akafariki mikononi mwa Damari akiwa na miaka hamsini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea bila kumchoka, mafundi wenzake wa kiwandani waliochonga jeneza, na majirani mliochota maji na kupika, ila safari hii, tafadhali, mtwisheni na Damari.

Sasa ile sababu. Wiki mbili kabla hajafariki, marehemu aliulizwa historia yake isomwe na nani, akasema asome yule aliyesimama kwenye harusi ya Agnes, mwaka juzi, akawaambia wageni, "Siku hizi ni ruksa kuuza chochote, dada yangu ameanza na damu ya mumewe," watu wakacheka mpaka wakalia, kisha wakaenda na neno hilo nyumbani. Pumzika, shemeji, umechoka vya kutosha, agizo lako limetimizwa, na mnaomtafuta mwenye neno lile msihangaike kugeuka nyuma, ndiye huyu aliyeshika karatasi.