Timu Iendayo Ukweni

Katika mwaka wa pili wa uhuru, kijiwe cha Wakomoro cha Tanambao, mjini Mahajanga, Madagaska, kilikuwa na benchi moja, dele moja la kahawa na timu moja ya baiskeli ya kubishania. Katikati aliketi Bacar, meneja wa timu hiyo, aliyeitwa Mnyororo. Kuliani Abdérémane, yaani Pampu, ambaye hakuishiwa upepo. Kushotoni Madi, yaani Breki, mpinzani wa kila jambo. Walisemezana Kikomoro kilichotiwa Kimalagasi na Kifaransa. Asubuhi hiyo mambo yalikuwa yamefuatana hivi: kwanza, Djaanfar, mshindi wao, alichumbia binti wa Nosy Be, kisiwa cha timu pinzani; pili, kwa desturi ya Kikomoro mume huhamia nyumbani kwa mkewe; tatu, tajiri mwenye baiskeli za timu aliapa kwamba Nosy Be ikishinda mbio zijazo, Bacar ajitafutie kazi nyingine.

— Nilivuka kwa feri mara ngapi kwenda Katsepy kumbembeleza Djaanfar ajiunge nasi! alilalama Bacar. Wao wamemchukua kwa sahani ya pilau.

— Mjengeeni bibi harusi nyumba hapa mjini, Antanimasaja, alisema Pampu. Mke akija, mume atafuata.

— Nyumba hujengwa na baba wa binti, bwana wewe, alisema Breki. Utamwambia mzee wa Nosy Be aje ajenge kwako?

— Basi tumwoze mke wa pili hapa. Zamu za ndoa zifuate kalenda ya mashindano.

— Na akichoka?

— Achokee Nosy Be, alale kwetu!

Bacar akajipiga paja.

— Nasi tuna mabinti! Tuwasajili wapandaji wao mmoja mmoja. Ansoifa, mpwa wangu, tumwoze yule bingwa wao wa vilima.

— Yule mwenye makengeza? aliuliza Breki. Ansoifa alimwona mara moja tu, akafunga dirisha.

— Kilima hakipandwi kwa macho!

— Kwa nini tuishie hapo? alisema Pampu. Tumwoze na mwamuzi wao. Atapuliza filimbi gani mbele ya mama mkwe?

Hapo akafika mama mmoja aliyejitanda shiromani, nguo ya wanawake wa Kikomoro. Alikuwa Echata, shangazi wa bibi harusi, aliyeshuka melini kuchukua nguo za Djaanfar. Wanaume wakakaa sawa. Akakaribishwa, akanywa, akaweka kikombe chini, ndipo akasema:

— Mbio zilizopita nilizitazama kule kwetu. Djaanfar alijificha nyuma ya mwenzake njia nzima, akachomoza mwishoni. Yule wa mbele, aliyemkatia upepo, nani?

— Aa, Soulé, alijibu Bacar. Huyo si kitu, mama. Kazi yake ni kutangulia tu. Hata sanduku la posa tulimbebesha yeye.

— Ndiyo, alilifikisha salama. Bado yuko kwetu, anakula vizuri, na bibi harusi ana mdogo wake wa kike. Huyo Soulé ameoa?

Bacar akamtazama Pampu. Pampu akamtazama Breki. Breki akamjazia mgeni kikombe.

— Nauliza tu, alisema Echata. Na nguo za Soulé nazo ziko wapi?